Lori Lenye Tela

Walinipa kiti cha plastiki, fulana inayong'aa,
na kidude cha chuma kinacholia *ti* kila nikikibonyeza.
Hesabu magari, Nyamizi,
toka alfajiri hadi magharibi, siku saba,
hapa Ndono, njia inapokata kwenda mnadani.
Tunataka kujua ni wangapi watakubali kulipa
wapite upande wa kasi.

Fomu ina safu tano:
gari dogo, basi, lori, lori lenye tela, pikipiki.
Nikauliza, na baiskeli?
Kijana wa vipimo akatabasamu kwa adabu.
Baiskeli hailipi, dada.

Basi nikabonyeza.
*Ti*, basi la Kigoma, umande haujakauka.
*Ti, ti*, malori ya mbao yamefuatana kama yamefungwa kamba.
Kapaya akapita na belo la tumbaku juu ya Swala yake,
anasukuma, hajapanda tangu Usoke.
Kidole changu kikatulia.
Wakapita akina mama wa karanga, mbuzi tisa,
mtu na debe la asali
na nyuki wawili waliokataa kuliacha.
Kidole kikatulia.

Jumatano, darasani, walitubandikia ramani.
Upande wa kasi mwekundu, upande wetu kijivu,
katikati ukuta wa zege, kimo cha kiuno cha mtu mzima.
Ukuta huu ni uhai, alisema mhandisi,
na sikuweza kumbishia: mwaka juzi lori liliacha njia
likaja kulala kwenye genge la nyanya la shangazi.
Shangazi alikuwa kisimani. Ndoo ilimwokoa.
Ukuta ungeokoa na nyanya.

Lakini huo mwanya wa kuingilia, mhandisi,
umeuweka papa hapa penye njia panda,
na mimi nimekaa siku tatu nikiwatazama:
dereva huamua akishachelewa.
Taa inasema kushoto, tairi linasema kulia,
na anayetembea kando hajui amwamini nani.
Daraja la waenda kwa miguu? Lipo, akasema.
Kilomita tatu.
Mihambo wa darasa la tatu akaisogelea picha,
akaupima ukuta kwa kifua chake.
Naruka, akasema.
Watu wakacheka. Mama yake hakucheka.

Alhamisi yakaja mapipa ya rangi ya chungwa,
yakapangwa katikati ya lami yajifanye ukuta, wajaribu.
Hadi saa nne mambo yalikuwa mazuri,
magari yakiteleza kama maji juu ya bati.
Saa nne na robo pikapu ya mahindi ikakata roho
ndani ya upande wa kasi.
Haina pa kujilaza: huku pipa, huku korongo,
nyuma yake foleni, na nyuma ya foleni
gari la wagonjwa linalia, limetoka Urambo,
linaitafuta Kitete.
*Ti*, nikabonyeza, sijui kwa nini. Gari dogo.
Mara nikamwona Kapaya ametupa baiskeli,
na wale wa karanga, na kijana wa vipimo mwenyewe
na viatu vyake vipya,
wanayakumbatia mapipa, wanayabingirisha,
mpaka ukapatikana mlango.
Likapita. Vumbi likatua.
Mapipa husogea, nikamwambia.
Akaanza kujifuta viatu.

Saa nane wanafunzi wakatoka.
Mihambo akasimama ukingoni,
akatazama kulia, kushoto, kulia tena,
akamkamata mdogo wake mkono
wakavuka, yeye mbele,
yule nyuma anaburutwa na ndala moja.
*Ti.*
Nikatafuta pa kumwandika.
Nikamweka safu ya nne.